Kandy, Sri Lanka: namna ya kuingia Hekalu la Jino ukiwa mgeni, na kuwaachia wenye ibada nafasi yao

Tafakuri (mleta mada)

Wakuu, habari za humu.

Kwenye nyuzi za safari kuna maswali yanayorudi kila mara: nikifika Sri Lanka nivae nini hekaluni, nipige picha au nisipige, na mimi si Mbuddha, je, wataniruhusu kuingia? Nimewahi kuishi Kandy kikazi, na Hekalu la Jino, ambalo wenyewe huliita Sri Dalada Maligawa, lilikuwa njiani kwangu nikitoka na kurudi. Nimeamua kuandika kwa kirefu kwa sababu majibu mengi ninayoyaona ni orodha ya makatazo tu: vua viatu, funika mabega, usiguse. Yote ni kweli. Lakini mtu anaweza kuyatimiza moja baada ya jingine na bado akawa kero mle ndani, kwa kuwa hajui watu waliomzunguka wamekuja kufanya nini. Naanzia hapo.

Ndani ya hekalu hili linatunzwa jino linaloaminiwa kuwa la Buddha mwenyewe, chonge la kushoto. Mapokeo yanasema liliokolewa kwenye majivu baada ya mwili wake kuchomwa, likatunzwa Kalinga, mashariki mwa India, na katika karne ya 4 likavushwa bahari kwa siri na binti mfalme Hemamali, aliyelificha ndani ya nywele zake akiwa na mumewe Dantha. Tangu hapo jino na ufalme vikafungamana. Aliyelishika ndiye aliyehesabiwa kuwa mtawala halali wa kisiwa. Mji mkuu ulipohama, nalo lilihama: Anuradhapura, Polonnaruwa, miji mingine, mpaka likafika Kandy mwishoni mwa karne ya 16, zama za Mfalme Vimaladharmasuriya wa Kwanza. Wareno walitangaza katika karne hiyohiyo kwamba wamelisaga na kulichoma kule Goa, koloni lao huko India. Wasinhala, kabila kubwa la kisiwa, wanasema kilichochomwa ni bandia.

Waingereza walipouchukua ufalme wa Kandy mwaka 1815, mkataba ulitiwa saini kwenye ukumbi wa nguzo za mbao ulio palepale hekaluni, Magul Maduwa. Miaka mitatu baadaye, wakati wa uasi dhidi yao, waasi walilitorosha jino na Waingereza wakalipata tena, na kwa watu wengi kupatikana kule kulimaanisha vita imekwisha. Kisha tarehe 25 Januari 1998 lori lililojaa mabomu la LTTE, waasi wa Kitamil waliotaka kujitenga, lililipuliwa langoni. Watu zaidi ya 10 walikufa na sehemu ya mbele ya jengo ikabomoka.

Nimeyaeleza haya ili ukifika langoni uelewe unachokiona. Barabara ya mbele imefungwa kwa magari, unakaguliwa, wanawake wana foleni yao na wanaume yao, begi linafunguliwa. Wageni wengi hununa pale. Usinune. Kati ya wale wanaokaguliwa pamoja nawe wapo wanaoikumbuka siku ile vizuri sana.

Nipeni nafasi, naendelea hapo chini na mavazi, viatu, maua, ngoma, na ile foleni ya juu, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike.

Tafakuri

Mavazi. Mabega yafunikwe na magoti yafunikwe, mwanamume na mwanamke sawa. Nguo isibane wala isionyeshe mwili. Wenyeji huvaa nyeupe, na ukiwa na shati jeupe na saruni au suruali pana nyepesi utajisikia umo pamoja nao badala ya kuonekana kutoka mbali. Si lazima iwe nyeupe, ila nakushauri uwe nayo. Kofia vua kabla ya kuingia, na mwavuli funga. Ukiwa na mtandio begani unaweza kujifunika papo hapo, lakini tafadhali usiufanye kuwa kiraka cha dakika tano, ukavaa mlangoni na kuutupa mara tu unapoingia ndani. Walinzi wanauona mchezo huo, na akina mama wanaosali wanauona pia.

Viatu unaacha kwa watunza viatu karibu na lango, unapewa namba. Wape kitu kidogo ukitoka. Mgeni hulipa tiketi, Msri Lanka halipi, na sioni sababu ya mtu kulalamikia hilo: yeye amekuja kusali, wewe umekuja kutazama. Soksi zinaruhusiwa. Hapa Kandy sakafu nyingi zina kivuli, lakini ukienda kwenye mahekalu ya wazi kama yale ya Anuradhapura au Polonnaruwa, mchana mawe na mchanga huunguza kwelikweli, kwa hiyo soksi nene ziwemo kwenye begi.

Nje utapita wauza maua. Sinia ndogo yenye mayungiyungi ya rangi ya samawati, yale wanayoyaita nil manel na ambayo ni ua la taifa, au asumini, au yale maua meupe yenye kiini cha njano wanayoyaita araliya. Ukinunua, yabebe kwa mikono miwili na usiyanuse. Hili wageni hawaambiwi, nao huyanusa kwa nia njema kabisa, kwa kuwa yananukia. Harufu ile ni sehemu ya sadaka. Ukishaivuta wewe kwanza, umetoa kilichobaki. Kuna beti za Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibuddha, ambazo waumini husoma wanapoyaweka mezani, maana yake ni kwamba ua hili litanyauka na mwili wangu nao utaelekea hukohuko. Ndiyo sababu utakuta hakuna anayehangaika kwamba maua ya asubuhi yameshalegea ifikapo jioni. Kulegea kwake kumo ndani ya sala.

Kama unawasha taa ya mafuta ya nazi au kijiti cha udi, usizime moto kwa kupuliza na mdomo. Tikisa mkono, au uache.

Ukifika kwenye ngazi utaona jiwe la nusu duara lililochongwa wanyama na majani, na pembeni mawe mawili yenye walinzi waliochongwa. Watu hupita juu ya lile nusu duara kwa utulivu, mguu mmoja mmoja. Si mahali pa kukaa kufunga begi.

Nahodha77

Mkuu Tafakuri, nimekaa siti ya mbele. Swali la haraka: saa ngapi mtu aende ili alione hilo jino?

Tafakuri

Nahodha77, jino lenyewe hutaliona, na ni vizuri ulijue hilo kabla hujatoka hotelini. Liko ndani ya makasha ya dhahabu yenye umbo la stupa (lile kuba la Kibuddha la kutunzia masalia), moja ndani ya jingine, saba kwa hesabu. Unachokiona ni kasha la nje, kwa sekunde chache, kupitia mlango wa chumba cha juu, na ni wakati wa ibada tu.

Ibada zenyewe huitwa thewawa, ni tatu kwa siku: alfajiri karibu saa kumi na moja na nusu, asubuhi karibu saa tatu na nusu, na jioni karibu saa kumi na mbili na nusu. Watawa wa matawi mawili, Malwatta na Asgiriya, hupokezana zamu. Wanachokifanya ndani ni kulihudumia jino kama vile Buddha mwenyewe yupo: anapewa maji ya kunawa, anapepewa, anaandaliwa chakula. Asubuhi kinaingia chakula kweli, wali na vitoweo. Jioni hakiingii, vinaingia vinywaji tu, kwa sababu mtawa hali chakula baada ya adhuhuri na Buddha alikuwa mtawa. Nilipoelezwa hilo ndipo nilipoelewa kwamba kila kinachofanyika pale kina sababu yake, hata kama mgeni anaona watu wanapita tu na vyombo vilivyofunikwa.

Jumatano asubuhi kuna ibada ya ziada, Nanumura Mangallaya, ya kuogesha kwa maji ya mitishamba yenye manukato. Maji hayo baadaye hugawiwa waumini, ambao huamini yanaponya. Usiyagombee. Ukipewa, pokea kwa mikono miwili.

Sasa ngoma. Ibada ikianza, chini utasikia ngoma na zumari, kwa sauti inayojaza jengo zima. Wapigaji wamevaa nyeupe chini, kilemba kichwani na kifua wazi, na wengi wao wanatoka kwenye koo zilizopewa kazi hii tangu enzi za wafalme. Wageni husimama duara, wanarekodi, kisha wakinyamaza wanapiga makofi. Naomba sana, wakuu: msipige makofi. Wale hawakuwa wakitutumbuiza sisi. Ngoma ile ni sadaka, kama ua, na aliyeelekezewa yuko upande wa pili wa ukuta. Simama kando, usizibe njia kati yao na mlango, sikiliza.

Bi Mshumaa

Tafakuri, nashukuru kwa hili la makofi. Nimewahi kuliona na sikujua kwa nini lilinikera, sasa nimejua.

Naomba niongeze habari ya ghorofa ya juu. Mbele ya chumba cha jino kuna meza ndefu ya maua, na ng'ambo yake watu wameketi sakafuni, wazee hasa, wanasoma sala kwa sauti ya chini. Wazazi huleta watoto wachanga pia. Nafasi ni ndogo kuliko unavyoiwazia. Ukiketi, kunja miguu upande au piga goti. Usiinyooshe miguu kuelekea mlangoni, kwa sababu unyayo ni sehemu ya chini kabisa ya mwili na kuielekeza kule ni tusi hata kama hukukusudia. Na usipite mbele ya mtu anayesali. Zunguka nyuma yake, hata kama ni mbali zaidi.

Tafakuri

Ahsante dada, umenipeleka nilikotaka kufika: foleni.

Mlango ukifunguliwa, mstari unaanza kusogea. Wenyeji wamebeba maua, wengine wametoka vijiji vya mbali kwa basi la usiku, wengine wana mgonjwa nyumbani. Kila mmoja ana sekunde zake chache mbele ya mlango ule. Anaweka ua, anainamisha kichwa, analisema lililomleta. Kisha anakuja mgeni, anasimama, anatafuta pembe nzuri, anainua simu, mwenzake anamwambia subiri, rudia. Mlinzi anasema songa. Wakati huo huo bibi aliye nyuma yake amesukumwa na umati na zamu yake imepita akiwa anatazama mgongo wa mtu.

Hili ndilo ninaloliona kuwa kiini cha heshima pale, kuliko hata mavazi. Simu mfukoni kabla hujafika kwenye mstari. Ukifika mlangoni tazama, inamisha kichwa kidogo kama unaona sawa, songa. Na kama huna la kuweka wala la kusema, fikiria kutoingia kabisa kwenye mstari saa za msongamano, hasa siku ya Poya, yaani siku ya mwezi mpevu. Siku hiyo ni mapumziko ya kitaifa kila mwezi, pombe haiuzwi, na watu waliovaa nyeupe tupu hukaa hekaluni kutwa nzima wakishika amri nane za dini yao. Ni siku nzuri mno kuwepo. Lakini kaa uani, tazama taa zikiwashwa, uwaachie mlango.

Bi Mshumaa

Hapo tunatofautiana kidogo, kaka. Mimi nilikuwepo siku ya Poya, nimesimama kando kabisa ukutani kwa sababu hizohizo unazozisema. Mama mmoja mtu mzima akaniona, akanigawia nusu ya maua yake, akanishika mkono akaniingiza kwenye mstari mbele yake. Hatukuwa na lugha ya pamoja. Ningekataa ningemuumiza. Nionavyo mimi wenyeji hawataki tuwe kama tumetengwa, wanataka tuingie kama watu wengine wanavyoingia. Kosa ni kusimama na simu. Kuwemo mstarini si kosa.

Tafakuri

Bi Mshumaa, nakubali. Ukikaribishwa, ingia, na ukarimu wao ndivyo ulivyo hasa. Ninachokipinga ni mgeni kujikaribisha mwenyewe kila mahali kwa sababu amelipa tiketi. Asubuhi ya siku ya kawaida mstari ni mfupi na hakuna anayebanwa, kwa hiyo mwenye saa za kuchagua achague hiyo.

MchoraRamani

Wakuu, mimi niulize la picha na sanamu, maana nasikia watu wanakamatwa. Je, ni kweli au ni vitisho vya wenye hoteli?

Tafakuri

MchoraRamani, ni kweli, na kesi zinajulikana. Mwaka 2012 watalii watatu wa Kifaransa walihukumiwa mjini Galle kifungo cha miezi 6 kilichoahirishwa, baada ya kupiga picha ambazo mojawapo ilionyesha mtu akijifanya anaibusu sanamu ya Buddha. Walipeleka picha zikasafishwe dukani, wafanyakazi wakaziona, wakaita polisi. Mwaka 2014 mtalii mmoja kutoka Uingereza alizuiwa uwanja wa ndege wa Colombo na kurudishwa kwao kwa sababu ya chale ya Buddha aliyoichora mkononi.

Picha za sanamu kwa ujumla huruhusiwa mahali pengi, bila mwanga wa flashi, kwa sababu mwanga huo huharibu michoro ya kale na hukatisha sala. Kinachokatazwa ni wewe kujiweka ndani ya picha ukiwa umeipa sanamu mgongo. Selfi ndiyo hiyohiyo: huwezi kuipiga bila kugeuka. Kama unataka kumbukumbu yako pale, mwenzako akupige kutoka pembeni ukiwa umeielekea sanamu, ama umesimama ubavuni kwake kwa mbali. Pale Gal Vihara, Polonnaruwa, kwenye zile sanamu za karne ya 12 zilizochongwa kwenye mwamba mmoja, na mojawapo imelala urefu wa karibu mita 14, walinzi hukukumbusha hilo kabla hujainua simu. Wasikilize kwa mara ya kwanza.

Na usipande juu ya sanamu wala jukwaa lake, usiiguse kichwa, usiiwekee kofia. Naona aibu hata kuandika, ila yanatokea.

Nahodha77

Kwa heshima zote mkuu, mimi naona la chale wamezidisha. Mtu kachora kwa sababu anampenda Buddha, halafu anarudishwa kwao? Heshima iwe ya pande mbili.

Tafakuri

Nahodha77, hujakosea, na mahakama yao wenyewe ilisema karibu na hilo. Yule mtalii alifungua kesi, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Sri Lanka iliamua kwamba haki zake zilivunjwa, ikaamuru alipwe fidia. Kwa hiyo sheria yao ina watu wanaoipima.

Lakini mimi simshauri msafiri ategemee kushinda kesi miaka mitatu baadaye. Kama una chale ya namna hiyo, ifunike kuanzia uwanja wa ndege. Hali kadhalika nguo zilizochapwa sura ya Buddha, usizivae kabisa. Kwetu picha yenye sura hiyo inaweza kuwa pambo tu. Kwao sura ile huwekwa juu, mahali safi, na kuiweka pajani au mguuni ni kuishusha. Anayeilinda sura hiyo amelelewa hivyo tangu utoto wake, na hasira yake si ya kubuni.

Bi Mshumaa

Na ukinunua kisanamu cha kupeleka nyumbani, usikitupe sakafuni kwenye begi la viatu. Nimeona mwenye duka akikataa kuuza kwa sababu mteja aliuliza kama kinafaa kuwekwa chooni. Alikirudisha kabatini bila neno.

Kitabu_Wazi

Salaam wakuu. Mimi ni mtu wa dini yangu na sitaki kufanya ibada isiyo yangu. Nikienda pale nitalazimika kuinama au kuwasha taa? Na mtawa nikikutana naye namsalimu vipi?

Tafakuri

Ndugu Kitabu_Wazi, swali zuri, na ni la wengi wanaoogopa kuuliza.

Hakuna atakayekulazimisha kuinama, kuwasha taa, wala kuweka ua. Kuvua viatu na kofia, kufunika mwili, kunyamaza na kutosimama mbele ya anayesali ni adabu za nyumba ya watu, unaweza kuzitimiza zote bila kugusa imani yako. Ukipewa ua na hutaki kuliweka, kataa kwa mkono kifuani na tabasamu, wataelewa. Kuna wageni ambao hufanya kinyume: wanainama, wanasujudu, wanafumba macho mbele ya kamera ili picha itoke vizuri. Mimi naona aliyesimama kimya pembeni akiwa na imani yake amewaheshimu wenyeji kuliko huyo.

Mtawa msalimu kwa kuunganisha viganja kifuani na kuinamisha kichwa. Usimpe mkono. Salamu ya jumla ya Kisinhala ni ayubowan, na mtu wa kawaida ukimsalimu hivyo anafurahi. Mwanamke asimguse mtawa, na asikae akimgusa kwenye kiti. Kitu cha kumpa, mpe kwa mikono miwili. Ukikuta kiti kimetandikwa kitambaa cheupe, ni cha mtawa, usikikalie hata kama chumba kizima hakina kiti kingine. Ukiketi naye kuzungumza, keti chini kuliko yeye. Hata kwenye mabasi ya nchi ile viti vya mbele vimetengwa kwa ajili ya watu wa dini, kwa hiyo ukimwona mtawa anapanda nawe umekalia hapo, simama.

Mtawa akikufunga uzi mweupe kifundoni mwa mkono, huo ni uzi wa pirith, umesomewa sala za ulinzi. Unaweza kuukubali au kuukataa kwa adabu. Kuna watu nje ya mahekalu, wasio watawa, ambao hufunga uzi haraka na kudai pesa. Huo si wajibu wako. Sadaka ya hekalu huwekwa kwenye sanduku lililo ndani.

MchoraRamani

Na waongozaji wanaokufuata langoni je?

Tafakuri

Wapo wazuri, wana vitambulisho, na mnapatana bei kabla hamjaanza kutembea. Anayekwambia hekalu limefungwa leo lakini yeye anajua mlango mwingine, mwambie ahsante na uende mwenyewe ukaangalie. Zaidi ya hapo sina la kusema, mambo haya yako kila mahali penye wageni.

Nahodha77

Tafakuri, tusisahau Perahera, yale maandamano makubwa ya hekalu. Nataka kwenda mwezi wa nane, nasikia tembo wanapita barabarani na taa.

Tafakuri

Esala Perahera ni ya mwezi wa saba au wa nane, inafuata mwezi wa angani, kwa hiyo tarehe hubadilika kila mwaka. Maandamano ya usiku ni kumi: matano ya kwanza huitwa Kumbal na matano ya mwisho Randoli, na ya Randoli ndiyo makubwa. Mbele wanatangulia wapiga mijeledi, unaisikia kabla hujawaona, kisha wabeba moto, wapiga ngoma, wachezaji, na tembo waliovishwa. Yanaunganisha Hekalu la Jino na nyumba nne za miungu walinzi: Natha, Vishnu, Kataragama na Pattini.

Tembo mkuu wa hekalu hubeba kasha mgongoni na hutembea juu ya kitambaa cheupe kinachotandikwa mbele yake ili mguu wake usikanyage lami. Jino lenyewe halitoki. Tembo huyo anapofika, wenyeji waliokaa chini tangu mchana husimama na kuunganisha viganja. Simama nao. Usivuke barabara wakati maandamano yanapita, usiwashe flashi machoni pa tembo, na usimnyooshee ndizi. Hekaluni kuna chumba cha makumbusho chenye mwili uliokaushwa wa Raja, tembo aliyelibeba kasha miaka mingi mpaka alipokufa mwaka 1988. Watu huingia mle kwa upole uleule wanaoingia nao kwenye nyumba ya sala.

Kitabu_Wazi

Tembo wale wana minyororo miguuni. Mimi nimeona picha na ziliniumiza. Kwenda kutazama si kushiriki?

Tafakuri

Limeniumiza hata mimi, na Sri Lanka kwenyewe kuna watu, wakiwemo Wabuddha, wanaolipinga jambo hilo hadharani. Hulazimiki kwenda. Kama moyo wako haukubali, Kandy ina siku nyingine zote za mwaka. Ukienda, usimzomee mchungaji wa tembo mbele ya umati ukidhani unamsaidia mnyama. Ongea na wanaoshughulikia jambo hilo nchini mwao, wapo na wanafanya kazi.

Bi Mshumaa

Mwisho kwa upande wangu: anayekwenda Anuradhapura kwenye mti wa Sri Maha Bodhi, asichume jani. Mti ule ulipandwa karne ya 3 kabla ya Kristo, kutokana na tawi alilolileta Sanghamitta, binti wa Mfalme Ashoka wa India, kutoka kwenye mti ambao Buddha aliketi chini yake. Utaona watu wazima wamesimama wakingoja jani lidondoke lenyewe. Likidondoka mbele yako na mwenyeji yuko karibu, mwachie. Na stupa kama Ruwanwelisaya unaizunguka ikiwa upande wako wa kulia, mwendo wa saa. Ukienda kinyume utakuwa unapishana na umati mzima uso kwa uso.

Nahodha77

Nimeshika. Sasa nipeni ratiba, nina siku moja tu Kandy.

Tafakuri

Amka mapema uende ibada ya alfajiri. Watalii ni wachache saa hiyo, hewa ni baridi, na walio ndani ni wenyeji wanaopita kusali kabla ya kazi. Nunua maua ukitaka, panda juu, kaa nyuma. Ngoma zikinyamaza shuka taratibu, zunguka Alut Maligawa, ule ukumbi wenye sanamu nyingi za Buddha na michoro inayosimulia safari ya jino tangu Kalinga, kisha tazama ukumbi wa mkataba wa 1815. Tiketi ihifadhi, walinzi wanaweza kuiomba. Ukitoka, chukua viatu vyako na tembea kando ya ziwa, ambalo lilichimbwa enzi za Sri Vikrama Rajasinha, mfalme wa mwisho, yuleyule aliyejenga jumba la pembe nane unaloliona kwenye kila picha ya hekalu. Ukiwa na nguvu rudi jioni ukasikilize ngoma kutoka uani, bila kupanda tena juu. Saa hiyo ghorofa hujaa sana.

Mwenye swali la Dambulla, kwenye mahekalu ya mapangoni, aliweke hapa, nitalijibu.